Kozi za milki kwenye MBA zianzie masijala ya ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wanafunzi wa MBA huliuliza sana na idara za biashara hulijibu nusunusu. Mtu anayesoma Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara na anataka kubobea kwenye milki, yaani ardhi na majengo kama biashara, apange vipi kozi zake? Jibu analopewa mara nyingi ni kwamba achukue ile kozi moja ya hiari ya muhula wa tatu, halafu mengine atajifunza kazini. Ubovu wa jibu hilo hauonekani mpaka mhitimu akae kwenye dawati la mikopo benki, aletewe faili la mradi wa ghorofa sita, asijue aanze kusoma ukurasa upi.

Rai yangu ni kwamba kozi za milki ndani ya MBA ya Tanzania zianzie kwenye hati na kwenye riba. Vitabu vingi vinavyotumika madarasani vimeandikwa kwa ajili ya msomaji wa Marekani, ambako mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika ni jambo la kawaida, bima ya hati hununuliwa pamoja na nyumba, na bei aliyouzia jirani yako hupatikana kwa kubofya mara mbili. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma hana hata kimoja kati ya hivyo cha kuegemea. Akifundishwa kwa mpangilio ule ule wa kitabu, anatoka na fomula safi zinazokaa juu ya hewa.

Tuanze na hesabu ya krediti, maana hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya uzamili haipungui krediti 180. Kila chuo kina mgawanyo wake, lakini chukulia huu kwa mfano: kozi 11 za krediti 12 kila moja, jumla 132, na tasnifu ya krediti 48. Kati ya kozi hizo 11, nane ni za lazima (uhasibu, takwimu, uchumi, fedha za kampuni, masoko, rasilimali watu, sheria ya biashara na mkakati), na tatu ni za hiari. Anayezipeleka zote tatu kwenye milki na kuandika tasnifu juu ya milki amepata krediti 84 kati ya 180. Hiyo ni karibu nusu ya shahada, na inatosha kabisa. Anayechukua kozi moja tu ana krediti 12, sawa na saa 120, ambazo ukitoa saa 45 za darasani na 15 za semina zinabaki 60 za kujisomea na kwenda nje. Huwezi kujifunza ardhi, fedha za majengo na ujenzi kwa saa 60.

Kozi tatu zinazofaa, kwa mpangilio huu huu, ni ardhi na hati pamoja na soko la mahali. Kisha fedha za milki. Kisha uendelezaji wa mradi. Mpangilio ukigeuzwa, kila kitu kinalegea. Mwanafunzi anayeanza na uendelezaji hupanga ghorofa nzuri kwenye kiwanja ambacho hakijui, kwa mkopo ambao hajaupigia hesabu. Tatizo ni kwamba vyuo vingi hurundika kozi za hiari zote kwenye muhula mmoja, wa tatu, hivyo zinasomwa sambamba. Njia ya kulikwepa ni kuiomba idara mapema kozi ya kwanza isomwe muhula wa pili, ibadilishane nafasi na kozi ya lazima isiyotegemewa na nyingine. Rasilimali watu inaweza kusogea muhula wa tatu bila mtu kuumia. Fedha za kampuni haisogei kamwe, kwa sababu asiyejua thamani ya sasa ya fedha zijazo hatafua dafu kwenye fedha za milki. Pale ambapo idara imekataa katakata, angalau kozi mbili za mwisho zigawanywe kwa nusu muhula, fedha iishe wiki ya nane ndipo uendelezaji uanze.

Na kuna kozi ya nne ya bure ambayo wengi hawaioni. Sheria ya biashara ni ya lazima, na kazi yake ya muhula huwa ni ya kuchagua mada. Chagua Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 na pacha wake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5. Ukifika kwenye kozi ya kwanza ya milki utakuwa tayari unajua kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kwamba kuna ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Kwamba tunachonunua na kuuza ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Na kwamba mgeni hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo anayelenga miradi ya Fumba asome za huko, asidhani za Bara zinavuka maji.

Sasa kozi ya kwanza yenyewe. Kazi yake kubwa iwe moja, yenye alama zisizopungua 40 kati ya 100: kila mwanafunzi achague kiwanja kimoja na akifuatilie mpaka mwisho. Afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Aende halmashauri kuangalia mchoro wa mipango miji. Aitafute ramani ya upimaji. Halafu aende kiwanjani kwenyewe atafute bikoni, yaani alama za mipaka, na kupima kwa futi kamba. Vitu hivi vinne vikikubaliana, kiwanja kina afya. Mara nyingi havikubaliani, na hapo ndipo elimu inapoanza. Jina kwenye mkataba wa mauzo ni la mtoto, jina kwenye hati ni la marehemu baba, na mirathi haijafunguliwa. Rehani ya zamani ililipwa yote lakini haikufutwa kwenye daftari. Matumizi yaliyosajiliwa ni makazi, na mnunuzi anataka kujenga hoteli. Kiwanja kina barua ya toleo tu, yaani hati yenyewe haijatoka, tena pango la ardhi halijalipwa miaka saba. Au kilichopo ni leseni ya makazi, ambayo ni karatasi halali lakini haina uzito wa hati miliki mbele ya benki inayokopesha kwa miaka 15.

Jambo jingine la kufundishwa hapa ni ridhaa ya mwenzi. Nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila mume au mke kukubali, na mkopeshaji asiyehakikisha hilo anajitafutia kesi. Mwanafunzi wa fedha hulichukulia kama karatasi moja tu kwenye faili. Mwambie akasome hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, aone ni rehani ngapi zimekwamia kwenye karatasi hiyo moja. Na ghorofa zikiuzwa vyumba kimoja kimoja, kuna Sheria ya mwaka 2008 ya hatimiliki za sehemu za majengo, ambayo humpa kila mnunuzi hati yake na kuwalazimu wote kuendesha pamoja ngazi, lifti, tangi la maji na paa. Nani analipia lifti ikiharibika? Asiyekuwa na jibu kabla ya kuuza atalipata kwa ugomvi.

Sehemu ya soko ndani ya kozi hii ni fupi lakini ya jasho. Mwanafunzi achague mtaa, Sinza au Mikocheni au Nkuhungu, akusanye pango la nyumba 30 zinazolingana. Asichukue bei wanazotangaza madalali. Achukue pango ambalo mpangaji aliyeko ndani analipa, aulize analipa kwa miezi mingapi mbele, nani alimlipa dalali (kwa kawaida pango la mwezi mmoja, kutoka mfukoni mwa mpangaji), na nyumba ilikaa tupu muda gani kabla yake. Takwimu hizo 30 zina thamani kuliko kurasa 200 za ripoti ya kimataifa kuhusu miji ya Afrika.

Hapa nitoe angalizo la lugha ambalo hugharimu alama. Kwetu neno kodi hubeba mambo mawili, kile anacholipa mpangaji na kile anachochukua serikali. Nimeona jedwali ambamo kodi iliingia upande wa mapato na kutoka upande wa matumizi katika mstari uleule. Tumieni pango kwa mpangaji na kodi kwa serikali, halafu mkumbuke kwamba pango la ardhi, licha ya jina lake, linakwenda serikalini.

Kozi ya pili ndiyo moyo wa mambo, na ningependa kuikalia. Tuchukue mradi wa kubuni, takwimu zake ni za mfano tu. Ghorofa lenye nyumba 12, kila moja pango la shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, ikiwa zote zimejaa na wote wanalipa, ni shilingi milioni 115.2. Toa asilimia 10 kwa nyumba tupu na wasiolipa, inabaki milioni 103.68. Toa robo ya hiyo kwa walinzi, pampu, usafi, matengenezo, bima, msimamizi, pango la ardhi na kodi ya jengo, inabaki milioni 77.76. Hilo ndilo pato halisi la jengo kabla ya mkopo.

Upande wa gharama, kiwanja milioni 250. Ujenzi mita za mraba 1,200 kwa shilingi 750,000 kila moja, milioni 900. Wataalamu, vibali na akiba ya dharura, milioni 110. Jumla shilingi bilioni 1.26. Pato la milioni 77.76 ni asilimia 6.2 ya gharama hiyo. Sasa weka mkopo. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha Marekani ataandika, bila kufikiri mara mbili, mkopo wa asilimia 60, yaani milioni 756. Kwa riba ya asilimia 16 na miaka 15, marejesho ni kama shilingi milioni 11.1 kila mwezi, au milioni 133 kwa mwaka. Jengo linaingiza milioni 78 na linatakiwa kulipa milioni 133. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia milioni 121, kwa hiyo hata benki ikikusamehe kulipa mtaji bado hutoshi.

Hesabu hiyo ni kozi nzima. Jengo linalozalisha asilimia 6 halibebi mkopo wa asilimia 16, na kila shilingi unayokopa inazidi kumla mwenye mradi. Mwulize mwanafunzi mambo matatu. Kwanza, jengo hili linaweza kubeba mkopo wa kiasi gani ikiwa benki inataka pato liwe mara 1.25 ya marejesho? Jibu ni takriban milioni 353, asilimia 28 ya gharama. Pili, pango lipande mpaka wapi ndipo mkopo wa asilimia 60 ujilipe bila kubaki hata senti? Takriban shilingi 1,371,000 kwa mwezi, mtaa ule ule ambao utafiti wa kozi ya kwanza umeonyesha watu wanalipa 800,000. Tatu, kwa nini basi maghorofa bado yanajengwa? Hapo darasa huchangamka. Yanajengwa kwa fedha taslimu, polepole, tofali leo na nondo mwakani. Yanajengwa kwa malipo ya awali ya wanunuzi. Yanajengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii ambayo haikopi. Na yanajengwa kwa matumaini kwamba ardhi itapanda bei. Kila njia ina hatari yake, na kila hatari ina safu yake kwenye jedwali la Excel. Kwa njia hii mwanafunzi ataelewa pia kwa nini mikopo yote ya nyumba nchini bado haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, ingawa sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008 na kampuni ya TMRC ipo kwa ajili ya kuzipa benki fedha za muda mrefu.

Jedwali lenyewe liwe la mwezi kwa mwezi, lisiwe la mwaka kwa mwaka. Sababu ni kwamba pango letu hulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele. Shilingi milioni 4.8 inayoingia Januari si sawa na 800,000 inayoingia mara sita, na mwanafunzi anayegawanya kwa 12 anadharau jengo. Upande wa pili, mpangaji akihama baada ya mwaka, pengo la miezi miwili linaonekana lote kwa mkupuo. Mwanafunzi aweke riba kwenye seli moja tu ili aweze kuibadilisha kutoka 16 hadi 13 au 19 na kuona yanayotokea. Asifiche namba ndani ya fomula. Makosa mengi ninayoyajua ya majedwali hayakutokana na hesabu ngumu. Yalitokana na namba iliyoandikwa kwa mkono ndani ya fomula na kusahaulika.

Kodi zina nafasi yake hapa. Mpangaji ambaye ni kampuni hukata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio. Pango la ofisi na duka lina VAT ya asilimia 18 kwa mwenye jengo aliyesajiliwa, la makazi halina. Kodi ya jengo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU, maana yake anayenunua umeme ndiye anayeilipa kwanza, naye ni mpangaji, wakati mdaiwa kisheria ni mwenye nyumba. Nani anabeba? Iandikwe kwenye mkataba wa pango. Na tangu Machi 2025 kanuni za fedha za kigeni zimekataza kutangaza na kudai bei kwa dola nchini, kwa hiyo mifano ya zamani yenye pango la dola 1,500 kule Masaki ifutwe au ifundishwe kama historia.

Uthamini nao uguswe kwa uangalifu. Njia ya kulinganisha bei za mauzo, ambayo kwenye vitabu ndiyo ya kwanza, kwetu ina ugonjwa. Muuzaji anatozwa asilimia 10 ya faida, kuna asilimia 1 ya ushuru wa stempu, na kwa sababu hiyo bei inayoandikwa kwenye mkataba mara nyingi ni ndogo kuliko iliyolipwa. Mwanafunzi anayekusanya bei za mikataba anakusanya uongo wa wengi. Aelewe njia tatu, ya kulinganisha, ya gharama na ya mapato, aweze kuisoma ripoti ya mthamini na kuihoji. Lakini asijidanganye. MBA haimfanyi mtu kuwa mthamini. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inamtaka anayetia saini ripoti awe amesajiliwa, na njia ya huko inapitia shahada ya fani yenyewe. Ninasikitika kuona matangazo ya vyuo yanayolifunika jambo hili kwa maneno laini.

Kozi ya tatu, uendelezaji, itaendeshwa vizuri ikiwa na mifano ya hapa hapa. Mlimani City ipo kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaendelezwa na kampuni yenye mizizi Botswana kwa pango la muda mrefu, na ikafunguliwa 2006. Mwanafunzi aulizwe mwenye ardhi anapata nini, mwenye jengo anapata nini, na jengo linabaki na thamani gani miaka ya pango inapokaribia kwisha. Aangalie pia mpangaji mkubwa. Shoprite iliondoka Tanzania 2014, Nakumatt ikachukua nafasi zake, nayo ikaanguka miaka michache baadaye. Mpangaji mkubwa akiondoka, wadogo wanakosa wateja nao wanaanza kuomba kupunguziwa. Jedwali lenye asilimia 10 ya nafasi tupu halijui habari hiyo.

Mradi wa kijiji cha Dege kule Kigamboni, ambao NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iliingia na mbia, ulisimama 2016 nyumba zikiwa nusu. Kati ya maswali mengi yaliyoulizwa, linalofaa darasani ni hili: mbia anapoleta ardhi kama mtaji, nani ameithamini, na kwa bei ya leo au ya baada ya barabara na daraja? Hesabu ya ubia huamuliwa na mstari huo mmoja. Na baada ya jengo la ghorofa nne kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 25, hakuna kisingizio cha kozi ya uendelezaji kukosa wiki moja ya kusoma kibali cha ujenzi, ripoti ya udongo na saini za wahandisi waliosajiliwa. Mfanyabiashara hatakiwi kujua kukokotoa nguzo. Anatakiwa kujua ni nani lazima aikokotoe, na kugoma kutoa fedha mpaka karatasi ionekane.

Wafundishaji wapo, ila wako majengo tofauti. Kutoka Mlimani hadi Chuo Kikuu Ardhi ni mwendo wa miguu, na huko ndiko wanakofundisha uthamini na fedha za milki tangu enzi za chuo hicho kabla hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwanafunzi wa MBA anayetaka kusoma kozi moja ya huko aombe idhini ya maandishi ya kuhamisha krediti kabla ya kujisajili. Baada ya mtihani ni kubembeleza. Aulize mambo mawili: kozi ni ya ngazi ya uzamili, au ni ya shahada ya kwanza? Na ina krediti ngapi? Kozi ya krediti 10 haijazi pengo la 12, na watu wamecheleweshwa kuhitimu kwa krediti 2.

Kwa tasnifu, ushauri wangu ni chagua data kabla ya mada. Anayetaka kupima faida ya uwekezaji wa majengo kwa takwimu ndefu atatatizika hapa, ila majirani zetu wa Kenya wameacha nyaraka za kutosha. Kanuni zao za mifuko ya uwekezaji wa milki ni za 2013. Mfuko wa Fahari, uliowekeza zaidi kwenye maduka, uliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20 za Kenya kipande, na mwaka 2023 wenye vipande wadogo wakapewa ofa ya kununuliwa kwa shilingi 11 kabla ya mfuko kuondoka kwenye soko kuu. Acorn, ya mabweni ya wanafunzi, ilianza 2021, na Laptrust Imara ikaorodheshwa 2023. Ripoti zao za mwaka zinaonyesha pango, nafasi tupu, gharama na thamani, mambo ambayo kampuni binafsi ya Kariakoo haitakuonyesha hata kwa kiapo. Kwa nini mabweni yalivutia fedha na maduka yakadorora ni mada inayojitosheleza kwa krediti 48. Anayebaki nchini achukue mada ndogo yenye data anayoweza kuigusa: nyumba 100 za mtaa mmoja, au faili za mikopo za tawi moja kwa ruhusa ya maandishi.

Jambo la mwisho ni la ratiba, dogo kwa maandishi na kubwa kwa vitendo. Wengi wa MBA husoma jioni, saa 11:30 hadi saa 2:30 usiku. Ofisi za ardhi na halmashauri hufungwa kabla ya hapo. Kazi ya upekuzi inahitaji siku za kazi tatu au nne, tena zisizofuatana, kwa sababu leo unaomba na majibu unafuata siku nyingine. Atakayengoja wiki ya 12 hatapata. Barua ya utambulisho ya chuo iombwe wiki ya kwanza, ruhusa ya mwajiri wiki ya pili, na maombi ya upekuzi yafike dirishani kabla ya wiki ya nne kwisha, ada ikiwa imelipwa na risiti ikiwa imetolewa nakala mbili.

Mwalimu wa fedha za milki,
Dar es Salaam